Siku Niliyofunga Madirisha ya Masijala

Neno "hakutokea" nimeliandika kwa mkono wangu mara nyingi kuliko jina la marehemu mume wangu. Mdai hakutokea. Mdaiwa hakutokea. Shahidi hakutokea. Ninyi mnaoanza ukarani leo mnabonyeza kompyuta na neno linajiandika, lakini sisi tuliliandika kwa kalamu mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Ninayo hadi leo, anayebisha aje nimwonyeshe. Nimestaafu, nalima ufuta wangu hapa Nachingwea, na watu wakiniuliza ni kitu gani kilinitisha zaidi katika kazi ile, wanategemea nitaje muuaji fulani aliyenikodolea macho kizimbani. Hapana. Kilichonitisha kuliko vyote ni neno hilohilo, asubuhi moja nilipoliandika mara nne na sikuuliza.

Mahakama yenyewe sitaitaja. Ilikuwa mahakama ya mwanzo, watu wake wengi wakitoka vijiji vya Nachingwea na wachache wakivuka kutoka Ruangwa kuwafuata waume waliojificha upande wa huku. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi mniite Mama Karani. Hata sokoni bado naitwa hivyo.

Siku ya mashauri ya ndoa na matunzo ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo mtaijua hata mkiwa mmefumba macho, kwa vilio vya watoto. Hakuna sheria inayomtaka mama aje na mtoto, lakini kila mama anaamini hakimu akiiona ile pua na yale masikio, baba hatakuwa na la kusema. Basi wanakuja nao mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri, wanakaa barazani kusubiri kuitwa.

Alhamisi ninayoizungumzia ilinyesha mvua ya upepo, ile inayoingia barazani kwa ubavu. Akina mama sita walikuwa wamejibana ukutani, watoto wamefunikwa khanga zilizolowa. Nikawaonea huruma. Nikafungua mlango wa masijala, chumba changu cha majalada, nikawaambia, "Ingieni humu, mtaniulia watoto kwa baridi."

Wakaingia. Masijala ile ilikuwa na rafu pande tatu, meza yangu, benchi moja na madirisha mawili. Mvua ilikuwa inaingia dirishani na kulowesha majalada, nikafunga la kwanza, nikafunga na la pili. Tukawa tumefungiwa humo kama mahindi ndani ya gunia. Wakaanza kucheka. Mnajua wanawake wenye shida moja wakikaa pamoja, aibu inawatoka. Aliyewachekesha zaidi ni Hadija wa Chiola, binti mwembamba mwenye sauti nene, aliyekuwa akimwigiza mume wake anavyojieleza mbele ya hakimu: "Mheshimiwa, mimi mtoto nampenda, ila mfuko ndio haumpendi." Mwanawe wa kiume, aliyekuwa ameanza kusimama dede, alikuwa anavuta kamba za majalada yangu.

Karibu na Hadija alikaa Somoe, mama aliyetoka Ruangwa. Binti yake mdogo alikuwa analialia, pua inachuruzika, macho mekundu, na kwenye paji la uso na nyuma ya masikio vipele vimeanza kutoka. Nilimwona. Hilo lieleweni vizuri: nilimwona. Nikamgusa shingo, ina moto.

"Ana nini huyu?" nikauliza.

"Vipele vya joto, Mama Karani. Vimeanza jana."

"Ni joto tu," nikasema na mimi, huku mvua inapiga bati na sote tunatetemeka kwa baridi.

Saa mbili nzima walikaa mle. Kisha hakimu akaahirisha mashauri yote kwa wiki tatu, kwa sababu waume wengi walikuwa wamekwama njiani, na akina mama wakaondoka mvua ilipokata.

Sasa niwaambie kidogo habari za aliyenifundisha kazi, mzee mmoja Mmwera, Mzee Dastani. Alikuwa karani kabla yangu, mkali, anavuta ugoro mpaka rejista zake zilipiga chafya. Siku yangu ya kwanza niliandika "hakutokea", akaninyang'anya kalamu. "Hakutokea kwa nini?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Basi hujamaliza kuandika. Toka nje, tafuta mtu wa kijiji chake, uliza." Na kweli, mahakamani hapakosi jirani wa mtu. Ukitoka barazani ukauliza nani katoka Marambo, mikono mitatu inanyanyuka, na mmoja wao atakuambia yule mdaiwa kaenda msibani, au kalazwa, au kalewa. Mzee Dastani aliandika sababu hizo pembeni kwa penseli. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Kisha mashauri yakawa mengi, haraka ikaingia, nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache. Niliacha mwenyewe.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi ya kurudi ikafika, jua kali, barazani kweupe. Hakimu wetu alikuwa kijana, mchapakazi, hapendi mashauri yalale. Akaita la kwanza. Mdai kimya. Mdaiwa, yaani mume, yupo, kavaa shati lililopigwa pasi. Hakimu akasubiri, akasema, "Shauri limefutwa, mdai hakutokea." Nikaandika. La pili vilevile. La tatu vilevile. La nne lilikuwa la Hadija. Mume wake akatoka akitabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nakumbuka niliwaza: wanawake hawa nao, wakishapewa nauli kidogo wanawasamehe. Ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe.

Wa tano alikuwepo, na mtoto wake mzima. Wa sita alikuwa Somoe. Akasikilizwa, akapewa amri ya matunzo, akaja mezani kwangu kuweka dole gumba. Mtoto yuko mgongoni anacheka, ngozi ya usoni inabanduka banduka.

"Naona vipele vimekwisha," nikamwambia.

"Vilikuwa surua, Mama Karani! Nesi aliniambia kesho yake. Lakini kapona, Alhamdulillahi."

Nikasema Mungu mkubwa. Nikamwonyesha pa kuweka dole. Akaenda zake. Ndiyo, wanangu, nilikuwa nimeshaambiwa kila kitu na bado sikusikia kitu. Kulikuwa na foleni.

Saa sita hivi, watu wamepungua, Hadija akaingia peke yake. Mgongoni hana mtu. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nikaanza kumgombeza. "Mama, unakuja saa hizi? Shauri lako limefutwa tangu saa tatu na nusu. Wenzako wanawahi, wewe—"

"Sikuja kwa shauri," akasema. Ile sauti nene ilikuwa imekauka. "Nimekuja kusema msiniite tena. Mtoto tumemzika jana."

Nilisimama, nikakaa. Nikamwuliza swali la kijinga kabisa: "Mtoto yupi?"

"Huyo huyo. Sina mwingine."

Mtoto alipata homa, Hadija akasema, yakafuatia mafua, macho yakawa mekundu, vipele vikashuka kutoka usoni. Kisha kifua kikabana. Walikuwa wanajiandaa kumpeleka hospitali alipokata pumzi. Yeye alitembea kutoka Chiola kwa sababu karatasi ya wito ilisema asipofika hatua za kisheria zitachukuliwa, naye aliogopa askari wangefuata msiba.

Sikumwambia hata pole kwa wakati ule. Mikono yangu ilikuwa imekwenda yenyewe kwenye rejista. Nikafungua ukurasa wa asubuhi ile, nikafungua na ule wa wiki tatu nyuma. Wanne walioandikwa "hakutokea", wote wanne, walikuwa ndani ya masijala yangu siku ya mvua. Nikatoka barazani nikapaza sauti: "Nani katoka Marambo? Nani katoka Naipingo?" Mama mmoja wa Marambo akanijibu kuwa jirani yake, mdai wa shauri la pili, yuko ndani na mtoto, mtoto ana surua kali. Nilikuwa nauliza saa sita swali nililopaswa kuuliza saa tatu.

Nikaingia kwa hakimu bila kubisha hodi. Nikamweleza. Nikamwambia lazima watu wa afya wapate majina na vijiji leo hii.

Akaweka kalamu chini. "Mama Karani, kumbukumbu za mahakama hazitoki hivihivi. Haya ni mashauri ya ndoa, ni siri za watu. Andika barua, nisaini, ipite wilayani, tusubiri kibali."

"Mheshimiwa, niliwahi kuandika barua ya choo kujaa. Jibu lilikuja choo kimeshabomoka."

Hakucheka. Nami sikuwa natania.

"Siwapi jalada," nikamwambia. "Siwaambii nani kamwacha nani. Nawaambia fulani wa Marambo alikuwa chumba hiki siku ile na mtoto. Hilo hata muuza maandazi wa hapo nje analijua."

Hakimu akageuza kichwa. Kupitia dirishani alimwona Hadija amekaa barazani, mikono kaipakata tupu. "Ni huyo?" akauliza.

"Ndiye. Lake ni la nne."

Alivua miwani akaishika muda mrefu. Kisha akasema, "Piga simu. Piga hapa hapa, mbele yangu. Barua itafuata."

Na hapo nikagundua sina namba. Mimi niliyekuwa na namba za kila dalali na kila mwenyekiti wa kijiji, sikuwa na namba ya afisa afya hata mmoja. Ikabidi nimpigie nesi wa zahanati, naye akampigia mwenzake, na dakika zikawa zinakwenda huku hakimu na mimi tunatazamana. Jambo hili nawaomba mlifanye kesho asubuhi kabla ya chai: namba ya afisa afya iwe ukutani, kwa maandishi makubwa, na si kwenye simu ya mtu anayeweza kuhamishwa nayo.

Namba ilipopatikana, aliyepokea alikuwa dada mmoja wa ofisi ya afya, nitamwita Hilda. Sauti yake ilikuwa ya polepole. Sikujua lipi aanze nalo, nikamwaga yote kwa pamoja. Akanisikiliza, akauliza, "Mama, chumba kina madirisha mangapi?"

"Mawili."

"Siku ile yalikuwa wazi?"

Hakimu alikuwa ananitazama. "Yalifungwa," nikasema. "Niliyafunga mimi. Mvua."

"Watoto wangapi walikuwemo?"

"Sita."

"Una uhakika? Si sita kwenye rejista. Sita chumbani."

Nilitaka kusema ndiyo, nikasita. Nikamwita Bi Fatu, mhudumu wetu wa usafi, mtu asiyesahau nani kakanyaga sakafu yake akiwa na tope. Tukaingia masijala, tukaliweka benchi lilipokuwa, nikamwambia anionyeshe. Akaenda akigusa: hapa Somoe, hapa Hadija, hapa yule mnene. Alipofika nyuma ya mlango akasimama. "Na hapa yule bibi wa Naipingo na mjukuu wake."

"Bibi gani?"

"Bibi aliyekuwa anapita tu. Hakuwa na shauri. Alijikinga mvua, mwenyewe ulimpa stuli."

Sikumkumbuka kabisa. Jina lake halikuwa mahali popote katika vitabu vyangu. Nilimwambia Hilda: ni saba.

Kesho yake asubuhi gari la afya lilizunguka Marambo, Naipingo, Chiola, likavuka na Ruangwa. Hilda alinieleza baadaye kwa nini hakuna aliyeshtuka mapema. Kila zahanati ilikuwa imeona mtoto mmoja, mmoja, na wengine hawakufikishwa kabisa. Mtu wa Chiola hana habari na wa Marambo. "Mahali pekee ambapo majina yao yalikaa pamoja," akaniambia, "ni kwenye kitabu chako." Alilisema kama sifa. Mimi nililisikia kama shoka.

Mjukuu wa yule bibi wa Naipingo ndiye aliyekutwa katika hali mbaya zaidi. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya pazia, mbavu zinapanda na kushuka, na bibi amekataa katakata, anasema surua haipelekwi hospitali, vipele vitarudi ndani ya mwili. Hilda alipiga magoti akamsihi nusu saa. Mtoto akapelekwa, akawekewa hewa, akapona. Kama Bi Fatu asingekuwa mtu wa kununa kwa ajili ya tope, yule mtoto asingehesabiwa. Wengine watatu walipona pia, mmoja kwa kuchelewa sana. Watoto wa vijiji hivyo wakachanjwa. Na yule mama wa tano, ambaye mwanawe hakuguswa kabisa ingawa alikaa magoti kwa magoti na mtoto wa Somoe, alitoa kadi ya kliniki iliyojaa mihuri yote ya chanjo. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwepo.

Hakimu aliyarudisha mashauri matatu bila kusubiri maombi. Alikuja mwenyewe masijala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Mama, lete yale majalada." Nilimpa manne. Akalitazama la Hadija, akalirudisha mezani kwangu taratibu. Lile halikuwa na cha kurudishwa. Anayedaiwa yupo, mdai yupo, yule ambaye chakula chake kilidaiwa hayupo.

Baada ya hapo nikawa mwepesi wa simu kupita kiasi. Miaka kadhaa mbele nilihamishiwa mahakama nyingine upande wa Ruangwa. Siku moja wanaingia mashahidi watatu wa familia moja, macho mekundu kama pilipili, wanakohoa, mmoja anatokwa machozi kabla hata hajaapishwa. Sikuuliza cha mtu. Niliwatoa nje kwenye upepo, nikafungua madirisha yote, nikapiga simu, na hakimu nikamsimamisha katikati ya sentensi. Bwana afya akaja mbio na pikipiki, kavaa barakoa. Akawatazama, akawanusa mashati, akauliza, "Mmetoka kupuliza salfa kwenye mikorosho?"

"Tangu alfajiri," wakajibu. "Kuna kosa?"

Mahakama nzima iliangua kicheko. Kwa mwezi mzima niliitwa Mama Mlipuko. Mimi nilimwomba radhi bwana afya kwa kumsumbua, akafunga kofia yake ngumu akasema, "Piga tena. Nikija bure mara kumi, ya kumi na moja nitakuja vilevile." Wanangu, heri kuchekwa. Mimi nimejaribu yote mawili, kuchekwa na kutochekwa, najua ninachosema.

Lakini kuna safari moja sijawaeleza, nayo niliifanya wiki ile ile ya msiba. Nilipanda bodaboda hadi Chiola, na mchele kidogo na doti ya khanga. Nilimkuta Hadija uani anamenya mihogo. Akanipa kigoda. Nikampa pole niliyokuwa sijampa. Kisha nikamwambia yote. Kwamba niliona vipele. Kwamba niligusa shingo ya mtoto yule ikiwa na moto. Kwamba mimi ndiye niliyewaingiza ndani na mimi ndiye niliyefunga madirisha.

Aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha mkononi.

"Uliyafunga kwa nini?" akauliza.

"Mvua ilikuwa inawapiga."

Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nadhani ningelipokea kofi nikashukuru. Badala yake akaniuliza, "Yule mwenzangu wa Ruangwa, mwenye mtoto aliyeanza. Ameambiwa?"

"Watu wa afya walimhoji tu ametokea wapi. Hajui yaliyowapata ninyi."

"Basi msimwambie."

Nilishangaa mpaka nikasahau adabu. "Hadija, kwa nini?"

"Atalibeba peke yake," akasema. "Mimi na wewe angalau tuko wawili."

Sikumwambia Somoe. Si siku ile wala baadaye. Na dunia ni ndogo. Mwaka jana, hapa hapa soko la Nachingwea, nasikia naitwa kwa nyuma, "Mama Karani!" Nageuka, ni yeye, amenenepa, ameshika mkono wa msichana mrefu mwenye sare ya shule.

"Mwamkie Mama Karani," akamwambia mwanawe. "Siku ile ya mvua alituingiza ndani, tungekufa kwa baridi."

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu." Nikamshika kichwa. Nywele laini, zimesukwa vizuri. Nilitaka kuondoa mkono, ukakataa.

"Na wale wenzangu je?" Somoe akauliza. "Yule wa Chiola, aliyekuwa anatuchekesha na mume wake na mfuko wake. Mtoto wake atakuwa mkubwa sasa."

Miaka yote ile mahakamani niliwaapisha watu waseme kweli tupu.

"Yupo Chiola, analima," nikamjibu. "Aliwahi kukuulizia."